Kompyuta za msaada zimefika shuleni lakini hazifanyi kazi: tatizo litafutwe wapi

Mwongozo huu ni wa watu wawili. Wa kwanza ni mwalimu aliyekabidhiwa chumba chenye kompyuta zilizotumika kutoka Uingereza, Ujerumani au Marekani, na sasa mkuu wa shule anamuuliza kwa nini nusu yake haziwaki. Wa pili ni ndugu yetu aliye ughaibuni, anayekusanya mashine ofisini kwake au kwa jirani zake ili azitume shule aliyosoma. Wawili hawa wanatakiwa kuzungumza mapema na mara kwa mara, kwa sababu matatizo mengi yanayoonekana Tanga au Kisumu yalianza siku mashine ilipofungwa kwenye boksi, na mengine yalikuwa tayari ukutani mwa darasa kabla mzigo haujafika.

Ndiyo maana nasisitiza utaratibu mmoja: anza na umeme wa chumba, njoo kwenye waya, kisha pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), kisha ndani ya kasha, programu ziwe za mwisho. Mafundi wengi huanzia mwisho. Mashine ikiganda kidogo tu wanapiga Windows upya, wanalipwa, wanaondoka, na tatizo linarudi kabla ya mwezi kuisha kwa kuwa chanzo chake ni soketi iliyolegea. Hela za shule hupotea hivyo.

Na usichomeke mashine zote kwa pamoja siku ya kwanza. Chomeka moja, iache iwake saa nzima, ndipo ufuate ya pili.

Imechomekwa tu, ikalipuka

Unasikia mlio mkali, moshi kidogo, harufu ya kuungua, na swichi kuu inakata. Hili huwapata zaidi waliopokea kompyuta za mezani kutoka Marekani. Umeme wa majumbani kule ni volti 120. Wa Tanzania ni 230, wa Kenya 240. Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma ya kasha, karibu na tundu la waya, yenye 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Mashine ikiwa bado kwenye 115 halafu ikachomekwa kwenye umeme wetu, sakiti ya ndani inaupandisha umeme maradufu kama ilivyozoea kufanya huko ilikotoka, na kapasita, yaani vipuri vinavyohifadhi umeme ndani yake, haziwezi kuubeba.

Mara nyingi kinachokufa ni pawa saplai peke yake. Mazabodi (ubao mkuu wa mashine), RAM (kumbukumbu ya muda) na diski hupona, kwa hiyo usiitupe mashine nzima. Badilisha pawa saplai, wala usiifungue kutaka kuitengeneza: kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa, na chaji hiyo inaweza kuua. Makasha makubwa ya kawaida hutumia pawa saplai ambayo duka lolote la vipuri linayo. Makasha membamba ya Dell na HP, ambayo ndiyo yanayoletwa sana kwa msaada, yana pawa saplai za umbo lake na plagi zake. Kwa hayo, mashine iliyokufa mazabodi ndiyo ghala lako la vipuri. Iweke vizuri.

Dawa hasa ni kusoma kibandiko kabla ya kuchomeka chochote. Palipoandikwa INPUT 100-240V, kifaa kinafanya kazi popote duniani, na chaja karibu zote za kompyuta mpakato ziko hivyo. Palipoandikwa 115/230V, tafuta swichi nyekundu, isogeze ikae 230, kisha ipige gundi ya moto au utepe ili mtoto asiichezee. Palipoandikwa 120V tu, usichomeke. Printa nyingi za leza kutoka Marekani ziko hivyo, pamoja na UPS zao (vifaa vya betri vya kushikilia umeme ukikatika) na ekstensheni zao zenye kinga ya radi. Ekstensheni hizo ni hatari kuliko zinavyoonekana, kwa sababu kile kifaa cha kinga ndani yake kimepimwa kwa umeme wao. Kikikutana na volti 230 kinaungua, wakati mwingine kwa moto.

Ndugu wa Marekani, hizo ekstensheni na UPS ziache huko huko. Mahali pake kwenye boksi weka nyaya za umeme zenye plagi ya pini tatu bapa ya Kiingereza.

Kasha linapiga shoti

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo mtoto anapoweza kuumia, na ni tatizo ambalo walimu wengi wamelizoea mpaka wanaliona la kawaida. Mwanafunzi anagusa bati la nyuma ya kompyuta, anashtuka, anaambiwa avae viatu. Viatu havitengenezi umeme wa chumba.

Ndani ya kila pawa saplai kuna kapasita ndogo mbili zilizounganishwa na bati la kasha, kazi yake kuondoa makelele ya umeme. Mashine inapokuwa na ethi nzuri (waya wa usalama unaoshuka ardhini), mkondo mdogo unaopita kwenye kapasita hizo unashuka ardhini na hakuna anayeusikia. Ethi isipokuwepo, bati linabaki na karibu nusu ya volti za ukutani. Kwa mashine moja mkondo huo ni mdogo, unawasha tu vidole. Lakini mashine 20 zikiwa kwenye ekstensheni zilizounganishwa pamoja, zote hazina ethi, mikondo yake inajumlishana kwenye waya uleule wa ethi usiofika popote. Anayegusa bati la mashine moja huku amekanyaga sakafu yenye maji anapokea wa zote.

Vyanzo viko vitatu, na uvikague kwa mpangilio huu. Cha kwanza ni plagi: waya wa Ulaya au Marekani umechomekwa kwa adapta ya bei rahisi ambayo pini yake ya juu ni ya plastiki au haijaunganishwa na kitu, au kuna mtu amekata pini ya ethi ili plagi iingie. Cha pili ni ekstensheni yenye nyaya mbili tu ndani, ifungue uhesabu. Cha tatu ni jengo lenyewe: soketi zina tundu la ethi lakini nyuma ya ukuta hakuna waya, au waya upo na fimbo ya ethi nje imeoza, imeng'olewa na wauza vyuma chakavu, au imechomekwa kwenye udongo mkavu usiopitisha umeme vizuri.

Kwa chanzo cha tatu muite fundi umeme mwenye leseni, ambayo hutolewa na mamlaka za nishati: Tanzania EWURA, Kenya EPRA. Aje na maltimita. Kati ya tundu la laini na la nyutro apate karibu 230. Kati ya laini na ethi apate hivyohivyo. Kati ya nyutro na ethi apate volti chache tu. Namba ya laini na ethi ikiwa inayumba, au iko chini sana, hakuna ethi hapo, na testa ya kalamu ya kuwasha taa haitakuonyesha jambo hilo.

Mpaka kazi hiyo iishe, chumba kifungwe. Najua kuna mtihani, najua kuna mgeni anakuja kupiga picha na watoto kwenye kompyuta. Kifungwe hivyohivyo.

Haiwaki kabisa, hakuna hata taa

Anza na fyuzi. Plagi ya Kiingereza ina fyuzi ndogo ndani, na mzigo uliotoka Uingereza una nyaya za miaka mingi. Badilisha waya na mashine inayowaka. Hilo peke yake hutatua kesi nyingi. Kisha jaribu soketi nyingine. Kisha chungulia nyuma ya kasha, maana baadhi zina swichi ya O na I ambayo mtu aliizima wakati wa kufungasha.

Ikiwaka sekunde moja na kuzima, fungua kasha ukiwa umechomoa waya. Safari ya meli na gari la mizigo hulegeza vitu. Bonyeza RAM mpaka vishikio vyake viingie, bonyeza nyaya za pawa saplai, na uone kama bati la kupozea prosesa halijang'oka. Kisha chomoa kila kitu kisicho cha lazima, yaani diski, kisoma CD na kadi za ziada, ujaribu tena. Ikiwaka ikiwa tupu, rudisha kimoja kimoja mpaka kinachoivuta chini kijulikane.

Feni inazunguka, kioo ni cheusi

Kwanza, monita na kasha vinazungumza lugha moja? Kompyuta ndogo za ofisi za miaka ya karibuni mara nyingi zina tundu la DisplayPort tu, na monita zilizoletwa nazo ni za VGA. Mchango umekuja kutoka ofisi mbili tofauti, hakuna aliyeunganisha jozi hata moja kabla ya kufunga boksi. Inahitajika adapta kwa kila mashine, na adapta 20 ni bajeti ya kuombea kibali. Ndugu wa ughaibuni, unganisha kila kasha na monita yake, liwashe, kisha zifunge pamoja na waya wake kwenye boksi moja. Hakuna msaada mwingine wa dakika tano unaookoa zaidi ya huu.

Kama waya ni sahihi, toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli, pangusa kwa kitambaa kikavu, rudisha. Sehemu za pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani, unyevu wenye chumvi hutia kutu nyembamba kwenye meno hayo, na kusugua kunatosha. Ikiwa kuna RAM mbili, jaribu moja moja. Milio mifupi wakati wa kuwasha ina maana yake, lakini kila kampuni ina hesabu yake ya milio, kwa hiyo andika idadi na mpangilio kisha utafute kwa jina la modeli.

Saa inarudi nyuma miaka, na tovuti zinakataa kufunguka

Betri ndogo ya mazabodi imekufa. Ni CR2032 ya volti 3, ile bapa kama sarafu, na mafundi saa wanayo. Mashine iliyokaa ghalani Ulaya na kisha kwenye kontena bila umeme huimaliza.

Watu hudharau tatizo hili kwa kuwa mashine inawaka. Lakini tarehe ikiwa ya miaka kumi iliyopita, kivinjari kinaona vyeti vya usalama vya tovuti havijaanza kutumika na kinazikataa, na mwalimu anadhani bando limeisha. Baya zaidi, mipangilio ya BIOS, ile programu ya kuwashia iliyo kwenye mazabodi, inarudi ya kiwandani. Kwenye baadhi ya kompyuta za Dell, namna diski inavyosomwa hubadilika kutoka AHCI kwenda RAID, na asubuhi mashine inasema haioni mfumo wowote. Fundi anatangaza diski imekufa, kumbe ni nzima. Badilisha betri, ingia BIOS, rudisha AHCI, weka tarehe.

Kwa mzigo wowote wenye mashine za zaidi ya miaka mitano, nunua betri hizi za kutosha zote na uzibadilishe siku moja.

Inasema haina diski, na kweli haina

Kampuni na hospitali za nje hutoa diski kabla ya kutoa msaada kwa kuogopa siri za wateja. Woga huo ni halali. Njia ya kuuondoa ipo: diski ya kuzunguka hufutwa kwa programu inayoandika juu ya kila sehemu, na SSD (diski isiyozunguka) hufutwa kwa amri ya kiwandani iliyo ndani ya SSD yenyewe. Mtoaji akiomba apewe ripoti ya kufutwa yenye namba ya kila diski, mpe. Akikataa kabisa, basi achangie SSD mpya za GB 240 badala yake. Kompyuta isiyo na diski ni nusu ya msaada, na nusu iliyobaki analipa mzazi wa kijijini.

Inawaka vizuri lakini inadai neno la siri la kampuni usiyoijua

Kufuli ziko za aina kadhaa. Neno la siri la BIOS kwenye kompyuta ya mezani ya zamani huondolewa kwa kijumpa (kifuniko kidogo cha kuunganisha pini mbili) kwenye mazabodi, na kitabu cha modeli hukuonyesha kilipo. Kwenye kompyuta mpakato nyingi za biashara njia hiyo haipo, na kutoa betri ndogo hakusaidii. Chromebook iliyokuwa ya shule ya nje hurudi kudai akaunti ya shule hiyo hata ukiifuta mara mia. Mac na iPad hudai akaunti ya mwenye wa kwanza. Mashine ya Windows iliyosajiliwa na kampuni hukaa kimya mpaka uunganishe intaneti wakati wa kusakinisha. Hapo jina la kampuni linatokea na unaombwa barua pepe ya mfanyakazi.

Hii ya mwisho kufuli yake iko kwenye usakinishaji wa Windows, kwa hiyo Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, huingia bila shida. Nyingine zote, ukiacha ile ya kijumpa, anayeweza kuzifungua ni msimamizi wa mifumo wa huko zilikotoka, na kazi yenyewe kwake ni ya dakika chache. Usimlipe mtu wa mtaani anayedai ana "dawa" yake. Mwandikie aliyekutumia, na ujumbe uwe na kila anachohitaji ili asianze kuuliza tena:

"Dada, habari za huko. Sisi hapa hatujambo na watoto wanakusalimia. Kwenye zile Chromebook, hizi nimeziorodhesha chini kwa namba zake za nyuma bado zimefungwa na akaunti ya shule zilikotoka. Naomba umfikishie msimamizi wa mifumo wa shule hiyo orodha hii, umwambie aziondoe kabisa kwenye usajili wao. Kuzifuta tu haitoshi. Akishamaliza nitaziwasha nikiwa kwenye intaneti na kukujulisha moja moja. Nimeambatisha picha ya kila kibandiko."

Uliyemwandikia asipojibu, mpigie simu. Msimamizi huyo anaweza kuhama kazi, na kufuli itabaki.

Kabla ya kupokea Chromebook yoyote, uliza pia tarehe yake ya mwisho ya masasisho. Kila modeli inayo, na Google imeiweka wazi. Iliyokwisha kupita tarehe hiyo usiikubali kwa ajili ya darasa zima.

Nzito mno, somo linaisha bado inafunguka

Chanzo kikubwa ni diski ya kuzunguka. Weka SSD, hata ya bei ya chini, na mashine ya mwaka 2014 itakushangaza. Baada ya hapo RAM: ikiwa GB 2, ipandishe iwe 4, ikiwezekana 8, kwa kukusanya kutoka mashine zilizokufa.

Halafu kuna suala la Windows. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Ofisi za Ulaya na Marekani zinazidi kuondoa mashine zisizokidhi, nyingi zikiwa nzima kabisa, na nyingi kati ya hizo zitaelekea kwetu. Kwa shule hilo ni neema, mradi tukubali kwamba Windows haitakuwa jibu.

Linux Mint ya Xfce, toleo lake jepesi, inahitaji RAM ya GB 2 na inafanya vizuri ikiwa na 4. LibreOffice inafundisha kuandika barua, kutengeneza jedwali na kuandaa wasilisho bila leseni. Sisi si wageni wa mambo haya: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kama mtihani wa mwisho unataka mwanafunzi aijue Windows, acha mashine mbili tatu zenye uwezo ziwe na Windows halali, nyingine zote Linux, na watoto wapokezane.

Shule isiyo na intaneti ya kudumu haijakosa maktaba. Kolibri, programu ya masomo, inakaa kwenye kompyuta moja yenye nguvu kidogo, nyingine zote zinaisoma kwa Wi-Fi ya chumbani bila bando, na masomo ya Khan Academy ya Kiswahili yamo. Kiwix inakupa Wikipedia ya Kiswahili nzima kwenye flashi ndogo. Ndugu wa ughaibuni mwenye intaneti ya kasi anaweza kupakua vyote hivi na kuvituma ndani ya mashine. Naomba afanye hivyo, maana kupakua GB 100 kwa bando la simu kijijini ni mshahara wa mtu.

Kibodi ya Kijerumani ikibadilishana Y na Z, au ya Kifaransa ikiwa na A mahali pa Q, badilisha mpangilio kwenye programu na ubandike stika. Tatizo hilo halina ukubwa wowote.

Mafaili ya flashi yamegeuka shotikati

Virusi vya zamani, bado vinazunguka kati ya stationery, chumba cha walimu na maabara. Vinaficha folda halisi na kuweka shotikati zinazovisambaza zikibofywa. Mafaili yapo. Chomeka flashi kwenye mashine yenye Linux, utayaona yote. Nakili yanayohitajika, futa shotikati na mafaili usiyoyajua, kisha umbiza (format) flashi. Kwenye Windows, ikiwa flashi ni E, fungua dirisha la amri uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* nayo folda zitajitokeza. Hii ni sababu nyingine ya kuiacha Linux itawale chumbani, na ya kuweka mashine moja mlangoni ambako kila flashi hupita kwanza.

Muhula wa kwanza zilikuwa nzima, muhula wa tatu nusu zimekufa

Umeme ukikatika, mashine nyingi hazidhuriki. Zinadhurika unaporudi. Unarudi ukiwa juu, unakatika tena, unarudi, na yote hayo ndani ya dakika moja. Kanuni ya chumba iwe moja na kila mwanafunzi aijue: umeme ukikatika, zima swichi ya chumba kizima, ukirudi, subiri dakika tano ndipo uwashe. Stebilaiza moja nzuri ya chumba ni bora kuliko UPS 20 za msaada ambazo betri zake za risasi zilishachoka kabla hazijapanda meli.

Piga pia hesabu ya mzigo. Kompyuta ya mezani na monita bapa hula kama wati 100. Ishirini ni wati 2,000, na kwa saa tano kwa siku ni yuniti 10, karibu yuniti 220 kwa mwezi wa shule. Mpakato 20 za wati 30 zinakula yuniti tatu kwa siku kwa saa hizo hizo. Kwa shule ya sola au yenye umeme wa LUKU (wa kulipia kabla) unaogombaniwa na jiko na pampu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama chumba kitafunguliwa. Ukiwa na nafasi ya kuchagua msaada, chagua mpakato, hata kama betri zake zinadumu nusu saa.

Kisha vumbi na joto. Mashine ikizima yenyewe baada ya dakika 20 na kuwaka vizuri ikipoa, pulizia vumbi nje ya chumba kwa bloa huku umeizuia feni isizunguke, na ikibidi ubadilishe ile dawa nyeupe au ya kijivu iliyo juu ya prosesa, ambayo hukauka ikawa kama chaki. Vitambaa vilivyodariziwa vinavyofunika kompyuta ni vizuri, lakini viwekwe mashine ikishapoa. Ziba pia matundu ya nyuma yasiyo na kadi: mijusi hupenda joto la pawa saplai, na mmoja akigusa mahali pabaya anakufa na mashine yako.

Mashine isiyowashwa kwa miezi huharibika pia, hasa pwani. Joto lake la kufanya kazi ndilo linalofukuza unyevu. Ziwashwe hata wakati wa likizo, mara moja kwa wiki.

Zote zinafanya kazi, lakini mlango umefungwa

Hili ni tatizo kama mengine na lina vyanzo vyake. Mara nyingi mkuu wa shule ameandikiwa mashine zote kwa jina lake kwenye leja, na ikiibiwa moja atawajibika yeye. Nani asingefunga? Au mwalimu pekee aliyefundishwa na wafadhili amehamishwa. Au hakuna fungu la umeme.

Kila chanzo kina namna yake. Kamati ya shule iandike kwa muhtasari kwamba mashine za msaada zitachakaa na kufa, na kwamba kufa kwa matumizi si upotevu. Wafundishwe walimu watatu, mmoja wao awe wa somo lisilohusiana na kompyuta, na wanafunzi wanne wa kidato cha pili wawe mafundi wasaidizi, kwa sababu hao watakuwepo miaka miwili ijayo. Fungu la umeme lijadiliwe kabla ya kusema asante kwa mfadhili.

Shule ina haki ya kukataa. Mkuu wa shule anayejibu, "Tunashukuru, lakini tunaomba kwanza tumalize ethi, na tungependa mpakato 10 kuliko kompyuta 40 za mezani," amemheshimu mfadhili kuliko anayepokea kila kitu kwa tabasamu.

Mzigo umekwama bandarini

Chanzo cha kawaida ni kwamba meli imefika kabla ya karatasi. Aliyeandikwa kupokea awe shule au taasisi iliyosajiliwa. Akiandikwa mtu binafsi, kuomba msamaha wa kodi kunakuwa kugumu. Ombi la msamaha liende mamlaka ya mapato (TRA au KRA) mapema, masharti ya shirika la viwango (TBS au KEBS) yaulizwe kabla ya kufungasha, Zanzibar waone mamlaka zao, na wakala wa forodha apatikane mzigo ukiwa bado Ulaya. Gharama za hifadhi bandarini huhesabiwa kwa siku na zinaweza kuipita thamani ya mashine zenyewe.

Chanzo kizito zaidi ni mashine mbovu ndani ya mzigo. Chini ya Mkataba wa Basel, mkataba wa kimataifa wa usafirishaji wa taka, tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, haziruhusiwi kuvuka mpaka bila ridhaa ya maandishi ya nchi inayozipokea. Marekani haijauridhia mkataba huo, na nchi wanachama haziruhusiwi kupokea taka kutoka nchi isiyo mwanachama bila makubaliano maalumu. Kompyuta nzima iliyopimwa si taka. Isiyowaka ni taka, hata ikiwa imefungwa kwa utepe mwekundu na kadi ya upendo. Umoja wa Ulaya unataka kila kifaa kinachosafirishwa kiwe na kumbukumbu ya kupimwa na kifungashwe kisivunjike. Bandika karatasi hiyo juu ya kila kasha, ikiwa na modeli, namba, tarehe na matokeo. Mpakato yenye betri iliyovimba isiingie kwenye boksi kwa hali yoyote, iwe ni kwa meli au ndege.

Zilizokufa kabisa

Toa vinavyofaa: RAM, diski, pawa saplai, nyaya, feni. Andika kwenye daftari kipuri kimetoka mashine gani. Mabaki yasichomwe nyuma ya jiko ili kupata shaba. Moshi wa nyaya una sumu, na kioo cha monita nene za zamani kina risasi. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea mabaki ya namna hii. Tanzania uliza ofisi ya kanda ya NEMC, wasimamizi wa mazingira, ikuelekeze kwa mkusanyaji mwenye kibali, na umwambie mfadhili tangu mwanzo kwamba nauli ya kuyafikisha huko ni sehemu ya msaada wake. Betri zilizovimba zitenge peke yake kwenye ndoo ya mchanga mkavu, nje ya jengo, mbali na watoto, mpaka gari la kuzichukua lifike.